Shahada ya Elimu, Shahada ya Sanaa na Elimu, PGDE au uzamili wa mitaala: ipi inamfaa nani?

Kila dirisha la udahili linapofunguliwa, wahitimu wa kidato cha sita na walimu wenye stashahada hukabiliwa na orodha ndefu ya programu za ualimu ambazo majina yake yanafanana kiasi cha kuchanganya: Shahada ya Elimu katika Sanaa, Shahada ya Sanaa na Elimu, Shahada ya Sayansi na Elimu, Shahada ya Elimu katika Saikolojia, Shahada ya Elimu ya Watu Wazima. Wengi huchagua kwa kutazama jina la chuo na alama zinazohitajika, na tofauti huwadhihirikia baadaye sana, pengine siku wanapojaza maombi ya kazi. Makala haya yanalinganisha njia zinazoombwa zaidi nchini Tanzania, yaani shahada hizo za kwanza, Stashahada ya Uzamili katika Elimu ambayo wengi huijua kwa kifupi cha PGDE, na shahada ya uzamili katika mitaala na ufundishaji. Kipimo kikuu ni masomo ya kufundishia yatakayosomeka kwenye transkripti (hati ya kozi na alama zako) siku ya mwisho, kwa sababu hayo ndiyo mwajiri anayoyatafuta kabla hajatazama jina la shahada.

Shahada mbili zenye majina yanayokaribiana

Shahada ya Sanaa na Elimu hutolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na vyuo vyake vishiriki vya elimu: DUCE cha Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 2005 mahali palipokuwa na chuo cha ualimu Chang'ombe, na MUCE, kilichoanzishwa mwaka huohuo Iringa katika iliyokuwa Shule ya Sekondari Mkwawa. Vyuo hivyo viwili vilizaliwa wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulioanza mwaka 2004, ambapo shule za kata zilikuwa zikijengwa kwa kasi kuliko walimu walivyokuwa wakihitimu, na programu zake zimebeba alama ya haja hiyo. Mwanafunzi huchukua masomo mawili ya kufundishia, tuseme Historia na Kiswahili au Jiografia na Kiingereza, huyasoma kwa kina cha chuo kikuu, na pamoja nayo husoma kozi za elimu: saikolojia ya elimu, misingi na falsafa ya elimu, mitaala na ufundishaji, upimaji, na mbinu za kufundishia kila somo alilolichukua. Mwisho wa miaka mitatu anatoka akiwa mwalimu wa sekondari mwenye masomo mawili.

Katika Shahada ya Elimu uzito umehamia upande wa pili. Kozi za elimu ndizo uti wa mgongo wa programu, na somo la kufundishia hupewa nafasi ndogo zaidi, mara nyingi likiwa moja tu, ingawa kila chuo kina mpangilio wake na ni vema kuuliza kabla ya kuomba. Sababu yake ni ya kihistoria. Shahada hiyo ilikusudiwa zaidi kuwaandaa wakufunzi wa vyuo vya ualimu kama Butimba, Marangu au Korogwe, na maofisa ambao wangesimamia elimu wilayani na mikoani, watu ambao kazi yao ni kumlea mwalimu na kuendesha mfumo. Walioingia humo zamani walikuwa kwa sehemu kubwa walimu wenye stashahada na miaka kadhaa ya ubao nyuma yao. Leo nafasi hizo hujazwa pia na vijana waliotoka moja kwa moja kidato cha sita, wasiowahi kusimama mbele ya darasa, na hapo ndipo kutolingana kati ya programu na mwombaji kunapoanzia.

Madhara yake huonekana kwenye ajira. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, chombo kinachosimamia ajira za serikali, hutaja kada na somo kwa pamoja: Mwalimu Daraja la III C (daraja la wenye shahada), Fizikia; Mwalimu Daraja la III C, Kiingereza; na kuendelea hivyo. Zamani wahitimu walikuwa wakipangiwa vituo kupitia TAMISEMI, ofisi inayosimamia mikoa na halmashauri, bila kufanyiwa usaili, lakini tangu Januari 2025 walimu wanaoomba kazi serikalini wanapitia usaili kama waombaji wa kada nyingine. Mwenye masomo mawili ana milango miwili ya kubisha. Mwenye somo moja ana mmoja, na kama somo lenyewe ni Historia au Kiswahili, foleni iliyo mbele ya mlango huo ni ndefu. Kijana wa miaka ishirini anayetaka kufundisha sekondari na ambaye hana kazi yoyote ya kurudia, kwa maoni yangu, hana sababu nzuri ya kuiacha Shahada ya Sanaa na Elimu au ile ya Sayansi na Elimu akachagua Shahada ya Elimu yenye somo moja, hata kama chuo kinachoitoa kina jina kubwa zaidi.

Hali ni tofauti kwa mwalimu aliye kazini mwenye stashahada. Huyu ameshafundishwa mbinu, ameshaandika maandalio ya somo na maazimio ya kazi kwa miaka, na anachokikosa mara nyingi ni nadharia inayoeleza kwa nini darasa lake linakwenda linavyokwenda. Ikiwa lengo lake ni kuwa mkufunzi, ofisa elimu kata au mthibiti ubora wa shule, Shahada ya Elimu inamfaa kuliko nyingine zote. Ikiwa anataka kupandishwa kutoka kidato cha pili hadi kufundisha kidato cha tano na sita, atafute shahada yenye maudhui mengi ya somo, kwa sababu wanafunzi wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) au PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) humjua upesi mwalimu ambaye kitabu cha kiada ndicho kikomo cha maarifa yake.

Zipo pia Shahada za Elimu zenye mkazo maalumu ambazo zisihukumiwe kwa kipimo hicho cha masomo mawili. Elimu maalumu na elimu ya awali hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007 na chenye ndaki kamili ya elimu. Na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, huandaa wataalamu wa elimu nje ya mfumo rasmi. Mwenye wito wa kufundisha watoto wasioona au viziwi hana haja ya kushawishiwa na hesabu za soko la ajira. Asiye na wito huo, na ambaye ameikimbilia programu kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na nafasi, afikiri mara mbili.

Msomaji wa Kenya awe mwangalifu na majina haya, maana kule Shahada ya Elimu katika Sanaa, kama inavyotolewa na Chuo Kikuu cha Kenyatta au cha Moi, huchukua miaka minne na huwa na masomo mawili ya kufundishia, hivyo inafanana zaidi na Shahada ya Sanaa na Elimu ya Tanzania kuliko na ile inayoshiriki jina lake. Kwa kuongezea, Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, humtaka mwalimu wa sekondari awe na wastani wa C+ katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na C+ katika kila moja ya masomo mawili atakayoyafundisha. Yeyote anayevuka mpaka kwenda kusoma upande mwingine akiwa na nia ya kurudi kufundisha kwao, aanze kwa kusoma masharti ya mwajiri wa nyumbani ndipo afungue mwongozo wa chuo.

Sayansi, na swali la nani anayekusimamia

Kwa upande wa sifa za kujiunga hakuna tofauti kubwa ya kumsaidia mtu kuchagua. Kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kwa mhitimu wa kidato cha sita ni kufaulu masomo mawili ya tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo aliousoma, kwa jumla ya pointi 4.0, katika mfumo ambao A ni pointi 5 na E ni 1, na kwa mwenye stashahada ya ualimu ni wastani wa B. Vyuo huongeza masharti yao juu ya hapo. Tofauti iko kwenye uzito wa safari yenyewe. Anayesoma Shahada ya Sayansi na Elimu hukutana na kalkulasi, kemia ya kaboni au fizikia ya kiwango kilekile anachokutana nacho mwenzake anayesomea sayansi tupu, huku akibeba kozi za elimu juu yake, na wanaorudia mitihani si wachache. Faida yake ni kwamba shule nyingi, hasa za vijijini, bado zinahangaika kupata walimu wa Fizikia na Hisabati, na Bodi ya Mikopo imekuwa ikiuweka ualimu wa sayansi na hisabati miongoni mwa vipaumbele vyake. Mhitimu wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) mwenye alama za kawaida anayesita kati ya uhandisi asioufikia na Shahada ya Sayansi na Elimu anayoifikia ana sababu za kutosha za kuichukua ya pili bila kujiona ameshindwa.

Biashara nayo imepata uzito ambao haikuwa nao miaka kumi iliyopita. Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023, ambao utekelezaji wake ulianza Januari 2024, umeiweka Elimu ya Biashara, pamoja na Historia ya Tanzania na Maadili, miongoni mwa masomo ya lazima ya sekondari, na umefungua mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na stadi za kazi. Mwenye tahasusi ya ECA (Uchumi, Biashara na Uhasibu) ambaye hakuwahi kuufikiria ualimu anaweza kuitazama upya Shahada ya Elimu katika Biashara, na hii ni mojawapo ya nafasi ambapo ushauri wangu wa awali kuhusu Shahada ya Elimu unapaswa kulegezwa.

Jambo ambalo miongozo ya vyuo hulitaja kwa mstari mmoja, na ambalo lingestahili ukurasa, ni mazoezi ya kufundisha. Mwaka 1986 mtaalamu wa Marekani, Lee Shulman, aliieleza aina ya maarifa ambayo haipatikani kwa kulijua somo peke yake wala kwa kuijua saikolojia ya mtoto peke yake: ujuzi wa namna somo fulani linavyofundishika, yaani mahali wanafunzi wanapokwama katika dhana ya moli kwenye Kemia, mfano upi unaowasaidia na upi unaowapotosha zaidi. Ujuzi huo hujengwa katika kozi ya mbinu za somo na katika wiki za mazoezi, kwa sharti kwamba msimamizi anayekuja kukaa nyuma ya darasa analijua somo lenyewe. Mwanafunzi wa Kemia akitembelewa na mhadhiri wa historia ya elimu ataelezwa mpangilio wa ubao, sauti, matumizi ya muda na ukamilifu wa andalio la somo, na yote hayo ni ya maana. Lakini kama alifundisha kusawazisha milinganyo ya kemia kwa njia isiyoeleweka, hakuna atakayemwambia. Programu zenye wanafunzi maelfu haziwezi kukwepa tatizo hili kirahisi. Kwa hiyo, kati ya vyuo viwili vinavyotoa shahada ileile, ningemshauri mwombaji awatafute wanafunzi wa mwaka wa tatu na kuwauliza mambo mahususi: walitembelewa mara ngapi, na nani, kozi ya mbinu za somo lao ilifundishwa na mtu aliyewahi kulifundisha sekondari au la, na kama kabla ya kwenda shuleni waliwahi kufundishana wao kwa wao katika vikundi vidogo. Majibu yao yatamfaa kuliko nafasi ya chuo katika orodha yoyote ya ubora.

PGDE: kwa nani, na kwa nani sivyo

Stashahada ya Uzamili katika Elimu huchukua mwaka mmoja na inamlenga mtu aliyemaliza shahada isiyo ya ualimu. Waajiri wanaitambua, na matangazo ya kazi ya serikali huwaruhusu wenye shahada ya somo husika pamoja na PGDE kuomba nafasi ileile ya Daraja la III C. Mhitimu wa hisabati, takwimu, biolojia au lugha akiichukua anakuwa mwalimu mwenye msingi mpana wa somo, pengine mpana kuliko wa yule aliyegawanya miaka mitatu kati ya masomo mawili na elimu. Anachokikosa ni muda wa kukomaa: mwaka mmoja hubana nadharia, mbinu na mazoezi mahali pamoja, na wengi hukiri kwamba ualimu waliujifunza hasa katika mwaka wa kwanza wa kazi.

Kikwazo kikubwa, hata hivyo, ni kwamba PGDE haiwezi kuzalisha somo la kufundishia ambalo shahada ya kwanza haikuwa nalo. Kila mwaka wapo wahitimu wa sosholojia, maendeleo ya jamii au uhusiano wa umma wanaoilipia wakiamini kwamba itawafungulia shule za serikali, kisha wanakuta kwamba hakuna tangazo linalotaja somo lao. Mwenye sayansi ya siasa anaweza kupata pa kujishikiza katika Uraia, na mwenye uchumi katika Uchumi na wakati mwingine Hisabati, ikitegemea kozi alizozisoma. Wengine walinganishe transkripti zao na orodha ya masomo ya sekondari kabla ya kutoa hata shilingi ya fomu.

Chuo cha bweni au Chuo Kikuu Huria

Takriban shahada zote zilizotajwa hapo juu, pamoja na PGDE, zinapatikana pia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na chenye vituo mikoani. Kwa mwalimu aliyeko Tunduru au Kibondo, mwenye familia, mshahara wa TGTS C (ngazi ya mshahara ya mwalimu mwenye stashahada) na vipindi vya kila asubuhi, ulinganisho huu unaisha haraka: Huria inamwezesha kubaki kazini na kupokea mshahara wake huku akisoma kwa kasi anayoimudu. Gharama yake ni upweke na nidhamu. Hakuna mwenzako wa chumbani wa kukuamsha usiku wa kuamkia mtihani, na wapo walioanza kwa ari wakafika mwaka wa sita bila kumaliza. Kijana aliyetoka kidato cha sita, ambaye bado hajajua namna anavyosoma vizuri, apendelee chuo chenye mihadhara ya kila siku, kama uwezo unaruhusu.

Mwalimu mwajiriwa akumbuke pia kuomba ruhusa ya mwajiri wake mapema na kwa maandishi, hata anaposoma bila kuondoka kituoni. Faida ya kiutumishi ya shahada ya kwanza ni kubadilishiwa kada, kutoka Daraja la III B kwenda III C, na kutoka ngazi ya TGTS C kwenda TGTS D. Na ombi hilo hupita katika ofisi ambazo hutaka kuona kwamba masomo yenyewe yalijulikana na kuingia katika mpango wa mafunzo wa halmashauri.

Uzamili wa mitaala dhidi ya uzamili wa uongozi na wa upimaji

Hapa wanaochagua ni watu wazima, na makosa yake ni ya gharama kubwa zaidi. Uzamili katika mitaala na ufundishaji unahusu namna jamii inavyoamua nini kifundishwe, kwa nani, kwa mpangilio upi na kwa ushahidi gani kwamba kimejifunzwa. Mwanafunzi huanza na maswali manne ya mwaka 1949 ya Ralph Tyler, mtaalamu wa mitaala wa Marekani, kuhusu malengo, uzoefu wa kujifunza, mpangilio wake na tathmini. Humsoma Hilda Taba, aliyetaka kazi hiyo ianzie kwa walimu badala ya kushushwa kutoka juu. Humsoma pia Lawrence Stenhouse wa Uingereza, aliyeuona mtaala kama pendekezo ambalo mwalimu hulijaribu na kulichunguza darasani. Kisha hurudi nyumbani: Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1967, Azimio la Musoma la mwaka 1974 lililohimiza elimu ya msingi kwa wote, mtaala wa kujenga ujuzi ulioanza mwaka 2005 na kukumbana na madarasa ya wanafunzi zaidi ya mia, na sasa maboresho ya mwaka 2023. Kwa mtu anayependa kuuliza kwa nini muhtasari umeandikwa ulivyoandikwa, hakuna kozi yenye utamu kama hii.

Soko lake, lakini, ni dogo. Taasisi yenye mamlaka ya kuandaa mitaala ni moja, Taasisi ya Elimu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria namba 13 ya mwaka 1975. Baada yake wanabaki vyuo vikuu, vyuo vya ualimu, wachapishaji wa vitabu vya kiada na ziada, na miradi ya mashirika inayokuja na kuondoka. Uzamili wa upimaji na tathmini una soko jembamba vilevile, linalozunguka Baraza la Mitihani lililoanzishwa mwaka 1973 na idara za tathmini za mashirika, ila takwimu zinazofundishwa humo zinahamishika kwenda sekta nyingine. Uzamili wa uongozi na mipango ya elimu ndio wenye wanafunzi wengi, kwa kuwa kila halmashauri ina maofisa elimu na kila shule ina mkuu wake. Na kwa sababu hiyohiyo wenye shahada hiyo wamekuwa wengi kuliko vyeo vyenyewe.

Anayelenga kuhadhiri achague mitaala bila woga, mradi aitazame kwanza GPA yake (wastani wa alama) ya shahada ya kwanza. Mlango wa uzamili hufunguka kwa 2.7, ila vyuo vinapotafuta wahadhiri wasaidizi hutaka 3.8 katika shahada ya kwanza na 4.0 katika uzamili, na mwenye 3.1 hataiokoa kwa kusoma zaidi. Mwalimu wa sekondari anayetarajia uzamili umpandishe mshahara kama shahada ya kwanza ilivyomtoa TGTS C asiutegemee ufanye hivyo wenyewe. Ningemshauri yeyote anayeelekea kwenye mitaala afundishe kwanza miaka miwili mitatu, kwa kuwa tasnifu nzuri za fani hii hutokana na maswali yaliyomkera mtu darasani, na aliyepitiliza kutoka shahada ya kwanza kwa kawaida huishia kuchunguza tena mitazamo ya walimu kuhusu zana za kufundishia katika wilaya aliyozaliwa.

Na kwa mkuu wa shule ambaye shida zake ni bajeti, ikama (idadi ya walimu anaopaswa kuwa nao), nidhamu ya walimu na ripoti za wathibiti ubora, uzamili wa aina yoyote unaweza kuwa dawa kali kuliko ugonjwa. Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ADEM, ulioko Bagamoyo, hutoa stashahada ya uongozi na utawala wa elimu, stashahada ya uthibiti ubora wa shule, na kozi fupi kwa viongozi walio kazini, na mkuu huyo aulizie huko kwanza kabla ya kuandika andiko la utafiti ambalo hana hamu nalo.